TEKNOLOJIA: Swichi pepe hujifunza anwani kwa kuamini, na hapo ndipo penye hatari

Kampuni nyingi siku hizi hazinunui seva bali hukodi nafasi katika mashine ya mtu mwingine. Ndani ya mashine moja huweza kuwamo kompyuta pepe kadhaa, yaani kompyuta zilizoundwa kwa programu, kila moja ikiwa na mwenyewe. Huenda rekodi za wagonjwa wa hospitali zikahifadhiwa papo hapo zilipo hesabu za duka la viatu. Je, ni nini kinachozuia habari za huyu zisimfikie yule?

Kazi hiyo huanzia kwa swichi pepe. Hii ni programu inayotekeleza wajibu wa kile kisanduku cha kuunganishia nyaya za mtandao maofisini, ila milango yake haionekani kwa macho.

Kila kompyuta pepe hupewa anwani ya MAC yenye biti 48. Kila pakiti ya data nayo hubeba anwani mbili: ya mtumaji na ya mpokeaji.

Pakiti inapoingia, swichi husoma anwani ya mtumaji na kuandika katika jedwali lake mlango ambao pakiti hiyo imepitia. Kisha hutazama anwani ya mpokeaji. Ikiwa imo jedwalini, pakiti hupelekwa katika mlango huo pekee. Ikiwa haimo, nakala husambazwa katika milango yote isipokuwa ule iliyoingilia. Mpokeaji akijibu, swichi hujua aliko.

Kumbukumbu hizo hazidumu. Katika programu ya Open vSwitch, anwani isiyosikika kwa sekunde 300 hufutwa, isipokuwa msimamizi awe ameweka muda mwingine.

Hata hivyo, swichi ya aina hii huamini kila inachoambiwa. Mwenye hila akituma maelfu ya anwani za uongo, jedwali huweza kujaa, na pakiti za wengine zikasambazwa kote hadi kwake. Vile vile, akijitwalia anwani ya jirani, huenda akaletewa pakiti zisizo zake.

Baadhi ya swichi pepe huepuka mtego huo. Swichi ya kawaida ya VMware haijifunzi kwa kusikiliza pakiti, kwani mfumo ulioziunda kompyuta hizo tayari unazijua anwani zake. Aidha, msimamizi anaweza kuiamuru ikatae pakiti yoyote yenye anwani ya kughushi.

Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humtaka anayeshughulikia habari za watu azilinde, na kukodi seva hakumwondolei jukumu hilo. Kabla ya kutia saini mkataba, yafaa aulize iwapo kila mlango umefungiwa anwani yake, na ahakikishe kwamba habari nyeti husafirishwa zikiwa zimefichwa kwa msimbo. Hapo, hata zikipotea njia, atakayezipokea hataweza kuzisoma.