Wale Kumi na Saba wa Mto Bellinger

Mama yangu ni mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga humchezei maneno. Nilipompigia simu nikamwambia tumeenda Bellingen kumtafuta kasa wa mtoni, salamu zenyewe hazijaisha akanikatiza. "Kasa wa mtoni ndio nani huyo, mwanangu? Kasa yuko baharini. Wa mtoni ni kobe. Kobe wa maji."

Basi ni kobe. Kwenye kipindi nilimtaja kwa dakika tatu hivi, halafu tukarukia habari za viza, na wasikilizaji wawili watatu mkaniandikia kuuliza: ilikuwaje kobe wengi vile wakafa mwezi mmoja? Nilipita haraka mno. Hapa nitakaa kidogo.

Mto wenyewe unaitwa Bellinger. Uko kaskazini mwa Sydney, mwendo wa saa sita hivi kwa gari ukisimama kununua pai njiani. Unashuka kutoka milima yenye msitu mzito, unapita mji mdogo wa Bellingen, unaingia baharini. Ni nchi ya Wagumbaynggirr. Huko juu maji ni maangavu kweli, unaona kokoto chini kama unatazama kupitia glasi, na ni ya baridi ya kukuumiza meno. Humo ndimo anamoishi kobe ninayemsema, na hapatikani porini mahali pengine popote duniani. Si Australia nzima, ni mto huo mmoja. Kwa Kiingereza wamempa jina la mng'ataji, ila ni mpole tu. Jike likikomaa gamba lake hufika sentimita 24 hivi, dume ni dogo zaidi. Anakula wadudu wa majini na mabuu yao, anaokota kwenye mawe ya chini, na anapenda mashimo yenye kina kirefu. Ndiyo maana watu wengi wa hapo hapo Bellingen walikuwa hawajawahi kumwona.

Jina lake la kisayansi ni Myuchelys georgesi, na hilo "georgesi" ni la Arthur Georges, profesa wa Chuo Kikuu cha Canberra. Aliyemwandika kitabuni kwa mara ya kwanza, mwaka 1997, ni John Cann. Huyu ni mtu wetu wa Sydney. Familia yake iliendesha maonyesho ya nyoka pale La Perouse kila Jumapili kwa miaka mingi sana, na yeye mwenyewe alishiriki Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, mashindano ya dekathloni. Halafu akawa bingwa wa kobe. Mwaka 1994 alikuwa ameshashiriki kumtambulisha kobe mwingine, wa Mto Mary kule Queensland, ambaye vitoto vyake vilikuwa vikiuzwa madukani kwa miaka na hakuna aliyejua vimetoka mto gani. Cann alimtafuta kwa takriban miaka 25. Natamani mtu amtengenezee filamu.

Lakini nimetoka nje ya njia. Hesabu hapo: sayansi ilimpa huyu wa Bellinger jina mwaka 1997. Miaka 18 baadaye karibu tumpoteze.

Februari 2015, watu waliokuwa wakipiga makasia mtoni waliona kobe wanakaa vibaya. Wengine walikuwa wamekufa, wengine wamepanda kwenye ukingo wakikaa tu, jambo ambalo kobe mzima hafanyi binadamu akikaribia. Kope zimevimba hadi macho yamefunga. Wengine walikuwa vipofu, wamekonda, hawana nguvu hata ya kurudi majini. Ndani ya wiki chache ilipatikana mizoga zaidi ya 400, na hiyo ni ile iliyoonekana. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wamekadiria kwamba mto mzima una kobe kati ya 1,600 na 4,500. Baada ya hapo makadirio yalikuwa kwamba asilimia 90 hivi wameondoka. Na waliobaki wengi ni wadogo. Wazazi ndio waliokufa.

Kila mtu aliwaza sumu kwanza. Dawa za mashambani, labda, au kitu kimemwagwa. Maji yakapimwa, sumu haikuonekana. Wanyama wengine wa mtoni walikuwa wazima. Hata aina nyingine ya kobe inayoishi mto huo huo haikufa hivyo. Yaani kitu fulani kilikuwa kinachagua.

Mimi kazi yangu ni maabara ya hospitali, kwa hiyo sehemu hii ndiyo iliyonikamata. Wataalamu wa magonjwa ya wanyamapori walioko bustani ya wanyama ya Taronga walipasua mizoga na kukuta uharibifu kwenye macho, figo na bandama. Sampuli zikapelekwa maabara ya serikali pale Menangle, ukitoka Campbelltown ni karibu tu. Huko walifanikiwa kuotesha kirusi kwenye seli, wakasoma chembe zake za urithi, na kukuta ni kirusi ambacho hakikuwa kimewahi kuelezwa. Wakakiita kirusi cha Mto Bellinger. Kimo katika ukoo mkubwa wa nidovirusi. Utafiti ulichapishwa mwaka 2018, na miaka miwili baadaye mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikipima sampuli za watu usiku na mchana, kirusi cha ukoo huo huo mkubwa. Virusi vya korona ni jamaa zake wa mbali. Msishtuke, kirusi cha kobe ni cha kobe. Ila niliposoma ile karatasi tena mwaka 2020, niliisoma kwa macho mengine.

Kilitoka wapi? Hakuna aliyethibitisha. Na mnyama wa mtoni huwezi kumfungia karantini ya nyumbani.

Kilichofanyika ni hiki. Ugonjwa ulikuwa unapanda mto, sehemu baada ya sehemu. Watu wakatangulia mbele yake, juu kabisa ambako ulikuwa haujafika, na Aprili 2015 wakatoa kobe wazima 17. Kumi na saba tu. Walipelekwa Chuo Kikuu cha Western Sydney, kampasi ya Hawkesbury pale Richmond, wakawekwa karantini. Wengine wenu mmesomea hapo, na nina hakika hamkujua kwamba aina nzima ya mnyama ilikuwa inakaa kwenye matangi nyuma ya majengo yenu. Mwaka 2016 wakahamishiwa Taronga. Kobe wengine wadogo walitolewa mtoni na kupelekwa Symbio, bustani ya wanyama iliyoko Helensburgh, ili mayai yote yasiwe kwenye kikapu kimoja. Hilo la mayai nalisema kwa maana yake halisi kabisa.

Kuzalisha kobe si kama kuzalisha kuku. Jike hutaga mara moja kwa mwaka, mayai kumi na kitu hadi ishirini na kitu, na huanza kutaga akishafika miaka minane au zaidi. Kwa hiyo kila mzazi aliyekufa mwaka 2015 ni miaka minane kumi ya kumlea mwingine. Vitoto vya kwanza vya Taronga viliangua mapema mwaka 2017, vikawa 22. Kila kimoja kinaenea kwenye kiganja na nafasi inabaki.

Hapa kuna jambo la kibiolojia ambalo nalipenda. Kasa wa baharini, wale wa mama yangu, jinsia yao inaamuliwa na joto la mchanga. Mchanga ukiwa wa moto zaidi, wanaanguliwa majike zaidi, na ndiyo maana joto la dunia linawatisha sana watu wanaolinda kasa. Ukoo wa kobe wa Australia anakotoka huyu wa Bellinger haufuati hivyo. Kwao ni urithi, kama sisi. Joto la kiota halibadili. Angalau shida hiyo moja hawana.

Jambo jingine ni shingo. Kobe wa nchi kavu, yule mnayemjua, akiogopa anairudisha shingo ndani moja kwa moja. Huyu wa Bellinger anaikunja pembeni, anailaza chini ya ukingo wa gamba kama mtu anayeficha uso kwenye bega. Kobe wa namna hii asili yao ni mabara ya kusini. Na ndugu zao wako kwetu, kwenye mabwawa na mito ya Afrika Mashariki. Kobe wa matope wa Mto Tana anakunja shingo vile vile. Ukoo wao uliachana zamani sana, enzi za lile bara kubwa la kusini, Gondwana. Nilimweleza mama, akasema, "Kumbe ametoka kwetu, basi." Sikumbishia.

Novemba 2018 ndipo kobe 10 wa kwanza waliolelewa Taronga waliporudishwa mtoni, kila mmoja amebandikwa kifaa kidogo cha redio ili afuatwe. Tangu hapo makundi mengine yamefuata, na jumla imepita mia. Katikati ya hayo ukaja ukame wa 2019, mto ukapungua sana, ukaja moto wa nyika ambao sote tuliokuwa Sydney tunaukumbuka kwa ule moshi, halafu mafuriko. Wenyeji wa Bellingen nao wameunda kikundi, Bellinger Riverwatch, na wengi wao ni watu wa kujitolea tu, wanakwenda sehemu zile zile kila mwezi kupima maji: joto, oksijeni, tope, na kadhalika. Tangu 2017. Hiyo ni kazi ya kuchosha, haina picha nzuri ya kuweka mtandaoni, na mimi nawaheshimu kwa hilo kuliko kwa kitu chochote.

Sasa linalonikosesha usingizi. Wanaorudishwa ni wadogo, na ugonjwa ule uliua wakubwa. Wale wa 2018 ndio kwanza wanakaribia umri wa kuzaa. Tutajua kama mpango umefaulu pale tu kobe aliyezaliwa kwenye tangi pale Mosman atakapokuwa mzima wa kutosha kutaga ukingoni mwa Bellinger, na vitoto vyake navyo viishi. Hakuna namna ya kuharakisha. Na hata mayai yakitagwa, kuna mbweha, walioletwa nchi hii na Wazungu karne ya 19, na wanafukua viota vya kobe kama watu wanaochimba viazi.

Halafu kuna yule kobe mwingine. Emydura, ambaye anaishi mito mingi ya mashariki mwa Australia, lakini uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba waliomo Bellinger waliletwa kutoka mito mingine. Yawezekana ni watu waliochoka kufuga wakaenda kuwaachia, si unajua. Hao hawakufa mwaka 2015. Wamebaki wengi, wenyeji wamebaki wachache, na mwenyeji asipompata mwenziwe anazaa na Emydura. Watoto wanaitwa chotara. Neno hilo shangazi yangu analitumia kwa watoto wa kaka yangu, ambaye mkewe ni mtu wa Wollongong, na kila mara natamani asilitumie. Kwa hiyo nilipata shida kidogo kusoma kwamba hao chotara wa mtoni ni tishio. Nilibidi nijikumbushe kwamba hapa tunazungumzia aina mbili za wanyama, si watu wawili waliopendana Wollongong. Aina yenye mamia machache ikimezwa na yenye maelfu, inapotea bila hata mmoja kufa.

Kama nyumbani kuna kobe kwenye tangi na watoto wamemchoka, nakuomba usimpeleke mtoni. Wala usimpeleke kwenye bwawa la Parramatta. Piga simu kwa watu wa kuokoa wanyama.

Safari yetu ilikuwa wikendi ndefu. Mimi, kaka, mkewe, na wale watoto wawili. Tulikaa kwenye jiwe kubwa juu ya Bellingen tangu asubuhi, chai kwenye chupa, mahamri yamelowana. Saa tano hivi mpwa wangu, ana miaka saba, akanivuta mkono, hakupiga kelele, maana nilishamwonya. "Shangazi, kobe." Kwa Kiswahili, mwenyewe, bila kuulizwa. Kweli, kobe alikuwa juu ya gogo anaota jua, shingo ameinyoosha. Tulimtazama dakika kumi nzima.

Mzee mmoja aliyekuwa anapita na mbwa wake akasimama, akatazama, akatuambia kwa upole kwamba huyo siye. Huyo ni Emydura. Wanapenda sana kuota jua, alisema, yule mwingine hukaa chini, kwenye maji marefu.

Mtoto akauliza, "Kwa hiyo yule wetu yuko wapi?" Mzee hakuelewa lugha lakini alielewa kidole. Akaonyesha shimo la maji upande wa pili, pale mto unapogeuka rangi kuwa kijani kilichoiva. Tukahamisha chai yetu huko. Tulikaa hadi saa tisa, na hatukuona kitu zaidi ya samaki na kivuli cha mti.