Milaya: Shuka iliyokimbia vita ikarudi Juba

Na Mwandishi Wetu

MVUA zinapokatika mjini Juba, kuelekea mwisho wa Oktoba, wakazi hupata majuma machache ya nafuu. Tope katika vichochoro vya Gudele, Munuki na Gumbo huanza kukauka, na lile joto kali la Februari na Machi bado liko mbali. Ni wakati ambapo shughuli nyingi za nyumbani huhamia uani. Chini ya miembe na miarobaini utawaona akina mama wameketi pamoja, kila mmoja na kitambaa magotini na sindano mkononi, huku mazungumzo yakiendelea na birika la chai likizunguka.

Wanachokishona ni milaya. Hii ni shuka ya kitanda iliyotiwa maua, ndege na majani kwa nyuzi za rangi, kisha ikazungushiwa pindo la kufuma. Jina lenyewe limetoka katika Kiarabu, na msomaji wa Kiswahili asidhani kwamba ile "mi" ya mwanzo ni ya wingi. Ni milaya moja, milaya mbili, milaya kumi.

Huko Ulaya na Amerika Kaskazini majira kama haya ndiyo ya majani kupukutika, na watu hutoa makabati mablanketi yao ya viraka kujiandaa na baridi. Juba haina baridi ya namna hiyo. Hata hivyo, jambo ni lile lile: msimu unabadilika, mikono inapata nafasi, na kitambaa kinakuwa sababu ya watu kukaa pamoja nje, nuru ikiwa nzuri na hewa ikiwa tulivu.

Kazi ya mkono, hatua kwa hatua

Asiyeijua kazi hii anaweza kudhani ni mambo ya kupoteza muda. La hasha. Kwanza hununuliwa kitambaa, aghalabu cheupe au cha rangi moja. Mwenye mkono mwepesi wa kuchora huchora maua kwa kalamu. Mara nyingi mtaani huwa na mchoraji mmoja anayetegemewa na wenzake wengi. Baada ya hapo kitambaa hubanwa katika fremu ya duara ili kisilegee, ndipo sindano ianze safari yake.

Ipo mishono ya mnyororo inayofuata mstari, na ipo ya kujaza, ambayo hufunika jani au ua zima mpaka kitambaa cha chini kisionekane. Mwisho kabisa huja pindo, linalofumwa kwa sindano ya kroshia, tundu kwa tundu, kuzunguka pande zote. Mama mwenye watoto, shamba na biashara ndogo hushona kwa saa mbili au tatu tu kwa siku, kwa hiyo shuka moja huchukua majuma kadhaa, na ile ya maua mengi huchukua miezi.

Watu wa pwani hawatashangaa. Kofia za kudariziwa za Lamu na Unguja hutengenezwa kwa uvumilivu wa namna hiyo hiyo, na bei yake hupimwa kwa wingi wa kazi ya sindano. Huko Bengali, wanawake walikuwa wakipanga sari zilizochakaa tabaka juu ya tabaka na kuzishona pamoja hadi zikawa matandiko yanayoitwa kantha. Hata Sudan yenyewe ina historia ya sindano. Katika karne ya 19 wafuasi wa Mahdi walivaa jibba lenye viraka kama alama ya kuukataa utajiri, na baadaye viraka hivyo vikapangwa kwa ustadi hadi vikawa sare.

Mzigo uliobebwa kichwani

Milaya si pambo tu. Ni kitu cha arusi. Binti anapoolewa, shuka zilizodariziwa huingia naye katika nyumba yake mpya. Mgeni wa heshima anapofika, ndizo zinazotandikwa kitandani au kufunika viti, na siku ya sherehe hutundikwa ukutani. Nyumba inaweza kuwa ya udongo na nyasi, lakini milaya ikitandazwa, mgeni anajua kwamba hapa pana mwenyewe.

Kwa sababu hiyo, vita vilipozuka milaya nazo zilikimbia. Wakati wa vita virefu vilivyokoma kwa Mkataba wa Amani wa Januari 9, 2005, maelfu walishona wakiwa Khartoum, Kakuma na kaskazini mwa Uganda. Uhuru ukaja Julai 9, 2011. Kisha mapigano yakalipuka tena mjini Juba Desemba 2013 na Julai 2016, na watu wakashika njia mara nyingine. Kitanda hakibebeki, kabati halibebeki, lakini shuka hukunjwa ikawa ndogo, na vilevile huweza kufungiwa vyombo na nguo za watoto. Wengi walifika ng'ambo ya mpaka wakiwa na mali ya kichwani tu.

Kambi ya Bidi Bidi, wilayani Yumbe, Uganda, ilifunguliwa Agosti 2016. Kufikia mwisho wa mwaka huo ilikuwa imepokea zaidi ya watu 270,000, ikahesabiwa kuwa miongoni mwa makazi makubwa kabisa ya wakimbizi duniani. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, Uganda ilikuwa imewapokea Wasudan Kusini milioni moja. Ni huko Bidi Bidi ambako mpiga picha Nora Lorek aliwapiga picha wakimbizi wakiwa wamesimama mbele ya milaya zao, na picha hizo zikaonekana katika National Geographic. Kutokana na kazi hiyo ukazaliwa mradi uitwao The Milaya Project, unaowasaidia washonaji wa kambi hiyo kuuza shuka zao kwa wanunuzi wa nchi za mbali.

Juba nayo haikukaa kimya. Kituo cha Roots of South Sudan, kilichoanzishwa na Anyieth D'Awol, kimewaweka wanawake wa makabila mbalimbali pamoja wakitengeneza kazi za shanga. Hilo si jambo dogo katika mji ambao kabila limewahi kuwa sababu ya mtu kuuawa. Ushanga au uzi, somo ni moja: watu wakikaa meza moja na kazi moja, maneno ya chuki hukosa nafasi.

Raha iko wapi?

Huenda msomaji akauliza, katika nchi yenye shida tele, kuna raha gani katika kutia ua kwenye shuka? Wanaoshona wanajua jibu. Sindano inataka macho na vidole. Akili ikishughulika na jani hili na rangi ile, inapata likizo ya kuwaza mengine. Na tofauti na kazi za kila siku kama kuteka maji, kupika na kufua, ambazo hufanywa leo na kesho zikaanza upya, mshono uliotiwa jana leo bado upo. Unaonekana. Unaongezeka. Kwa mtu aliyepoteza nyumba mara mbili au tatu, kitu kinachoongezeka bila kubomolewa ni faraja kubwa.

Wataalamu nao wameligusa jambo hili. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2013, ambao uliwauliza wafumaji zaidi ya 3,500 kutoka nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba waliofuma mara kwa mara ndio waliosema zaidi kuwa wanajisikia watulivu na wenye furaha. Aidha, wengi walieleza kwamba kufuma pamoja na wenzao kuliwaletea urafiki. Bila shaka sindano haiponyi majeraha ya vita, na anayeteseka moyoni anahitaji msaada zaidi ya huo. Lakini kikao cha chini ya mwembe ni mahali pa kuanzia, na hakina ada.

Faida nyingine ni ya wale wanaorejea. Tangu vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023, watu zaidi ya milioni moja wamevuka kuingia Sudan Kusini, wengi kupitia Renk. Wengi wao ni Wasudan Kusini waliokuwa wakiishi Khartoum kwa miaka mingi, na vijana wao hawajawahi kuiona Juba. Anayetoka Khartoum anazungumza Kiarabu, wa Kakuma anazungumza Kiswahili, wa Adjumani anachanganya Kiingereza na lugha za Uganda. Wakikutana mtaani wanaonana wageni, kila mmoja akimwona mwenzake amebadilika. Katika duara la milaya kila mmoja ana la kufundisha. Huyu ana mshono alioujifunza kwa majirani wa Omdurman, yule ana pindo la Yumbe, na mwenyeji aliyebaki Juba ndiye anayejua uzi mzuri unapatikana duka gani.

Uuze au uweke?

Hapa ndipo penye ugumu. Kwa mama aliyerejea bila mtaji, milaya ndiyo kitu cha kwanza kinachoweza kugeuzwa fedha. Ada ya shule ikigonga mlango, shuka ya arusi hutolewa sandukuni. Na mara nyingi huuzwa kwa bei ya kutupa, kwa kuwa sokoni Konyo Konyo imepangwa karibu na shuka zilizopigwa maua kiwandani, ambazo zinavutia kwa mbali na bei yake ni nyepesi.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kitambaa na nyuzi vimegharimu shilingi 40,000 za Uganda. Mama ameshona saa tatu kwa siku kwa siku 30, yaani saa 90. Akiiuza shuka kwa shilingi 80,000, atafurahi kwamba fedha yake imerudi mara mbili. Lakini faida ya 40,000 ukiigawa kwa saa 90, anabaki na kama shilingi 444 kwa saa. Wahenga walinena kweli kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Anayetaka kushona kwa biashara na aandike siku aliyoanza, saa alizoshona na kila senti ya uzi, ndipo ataje bei. Asipofanya hivyo, atakuwa anamlipa mnunuzi ili aichukue.

Upande wa pili, kuiweka nako kuna hesabu yake. Pauni ya Sudan Kusini ilipoachiwa kuelea sokoni Desemba 2015, kiwango rasmi kiliruka kutoka karibu pauni tatu kwa dola hadi zaidi ya 18. Leo dola moja inahesabiwa kwa maelfu ya pauni. Aliyeweka noti chini ya godoro alibaki na karatasi. Aliyeweka milaya nne alibaki na milaya nne. Ndiyo sababu washonaji wenye uzoefu hufanya mambo mawili kwa pamoja: shuka za kawaida za kuuza, na moja au mbili zenye kazi nzito ambazo hazina bei.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani

Wewe unayesafiri Kampala, Elegu, Nimule hadi Juba, biashara hii ina nafasi yako pia. Lami ya kilomita 192 kutoka Nimule, iliyokamilishwa mwaka 2012 kwa msaada wa Marekani, ndiyo njia kuu ya bidhaa zinazoingia Juba. Nyuzi ni mzigo mwepesi usiooza, na maduka ya vitambaa ya Kiyembe, Kampala, yanajulikana na kila mshonaji.

Lakini chagua kwa uangalifu. Uzi unaotoa rangi huharibu kazi ya miezi miwili katika beseni moja la maji. Kata kipande, kiloweke katika maji ya moto pamoja na kitambaa cheupe, kisha usubiri. Kitambaa kikipata doa, rudisha uzi dukani. Kitambaa cha pamba nacho kifuliwe kabla ya kuchorwa, la sivyo kitaruka baadaye na kuyakunja maua. Ukipata mchoraji mzuri na wanawake watano wanaomaliza kazi kwa wakati, usiwabane bei. Mshonaji aliyepunjwa leo kesho atatumia uzi wa bei rahisi, na hasara itakurudia wewe.

Mzigo wa kwenda nje nao usipitishwe kimya kimya. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Jumuiya ina utaratibu wa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mizigo midogo isiyozidi thamani ya dola 2,000. Kabla ya kufunga mizigo, waulize maafisa wa forodha kama kazi za mikono zimo katika orodha inayotumika mpakani hapo, na ubebe risiti za nyuzi na kitambaa.

Kabla joto halijarudi

Majuma haya mazuri ni machache. Ikifika Februari, kukaa nje mchana ni mateso, na Aprili mvua zitaanza tena kuwafungia watu ndani. Kwa aliyerejea majuzi na bado hajazoea, ushauri ni mwepesi. Tafuta duara lililo karibu, kanisani, kisimani au chini ya mti wa jirani. Nenda na sindano yako, hata kama hujui kushona. Hakuna anayefukuzwa kwa mshono mbaya. Utafumuliwa, na utaanza upya.

Na binti zenu wawe pamoja nanyi. Sanaa hii imeishi miaka yote hiyo ya kambini kwa sababu kila mama alimkalisha binti kando yake akaona. Waliosema mcheza kwao hutunzwa hawakukosea. Miaka mingi milaya zetu zimetunzwa na watu wa mbali wanaozitundika kwenye kuta zao. Umefika wakati zitandikwe tena Juba, kwenye vitanda vya wenyewe.