Mambo Mbotela: Mtangazaji wa Mpira Aliyeamshwa Kutangaza Mapinduzi

Manze, hebu fikiria uko Lamu mwaka wa 1980. Kucheki mechi Nairobi ni safari: boti hadi Mokowe, kisha basi mpaka mgongo ulie. Kwa hivyo mpira ni redio, na redio ni Leonard Mambo Mbotela.

Buda alizaliwa Freretown, Mombasa, 1940, kwenye ukoo wa watumwa waliokombolewa. Fathee yake, James, ndiye aliandika Uhuru wa Watumwa.

Kutangaza mpira redioni si kupiga nduru tu, ingawa siku hizi kuna wasee wanadhani ni hivyo. Wewe huoni kiwanja. Lazima akuambie mpira uko upande gani, nani anao, nani anamkimbilia, na akuambie sai. Akinyamaza kidogo tu, ushapotea. Mbotela alipiga hiyo kazi miaka mingi, na bado akawa na kipindi chake, Je, Huu ni Ungwana?, kilichoanza 1966.

Sasa ngori. Agosti 1, 1982, alfajiri, wanajeshi wa anga walimtoa kwake wakampeleka Sauti ya Kenya atangaze Moi amepinduliwa. Kwa nini yeye? Mimi naona walijua hata msee wa Lamu, asiyeona kitu, ataamini hiyo sauti. Akasoma, bunduki zikiwa hapo.

Siku hiyo hiyo mapinduzi yakazimwa. Na nani akarudi hewani kusema Moi bado yuko? Yeye tena.

Aliaga Februari 7, 2025, akiwa na miaka 84.