Fahamu: Kwa nini sindano ya mbwa huokoa watoto

Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza, kwa mbwa au kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 59,000 hufa kila mwaka, na asilimia 99 ya maambukizi kwa watu hutoka kwa mbwa. Ndiyo maana mtoto akiumwa, wengi hudai mbwa koko wauawe. Hofu hiyo ni ya haki kabisa, ila risasi haiitibu. Msako huua hata mbwa waliochanjwa, nafasi yao ikachukuliwa na wengine wasio na kinga. Asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, kirusi hukosa pa kupita. Pemba ni ushahidi: baada ya miaka minne ya kampeni ugonjwa ulitoweka mwaka 2014, ukarudi 2016 kutoka nje ya kisiwa, na chanjo ikautokomeza tena 2018.

Kuna wanaosema mbwa wao hatoki nje ya geti. Lakini mbwa mgonjwa hupoteza woga. Hupenya uani usiku na kumng'ata aliyefungwa mnyororo. Wengine huwaacha watoto wa mbwa nyumbani siku ya chanjo wakidhani ni wachanga mno, ilhali hao ndio ambao watoto wetu huwabeba na kulambwa nao usoni. Wapelekwe wote. Na aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu.