Likizo Mjini na Mtoto Mdogo: Tazama Nyumba Kabla ya Kutoa Pesa



Likizo yenye malipo si zawadi ya tajiri. Mwaka 1936 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kwanza juu yake: siku sita za kazi kwa mwaka mmoja wa utumishi. Mwaka 1970 mkataba mpya ukasema zisipungue majuma matatu. Watu walizipigania siku hizo. Kwa hiyo ni hasara kuzimalizia kwenye benchi la zahanati, kama nilivyofanya mimi.

Kitindamimba wetu wakati ule alikuwa na miezi 20, umri wa kukimbia bila kujua anakokwenda. Sisi tunakaa juu, upande wa mashamba ya chai ya Teza, mita 2,000 na zaidi, kwenye baridi. Mama watoto alitaka kuliona ziwa. Kwa ndugu zetu wa Buyenzi nyumba ilikuwa imejaa wageni wa arusi, basi komisioneri mmoja akatupeleka Gihosha, kwenye aneksi nyuma ya nyumba kubwa. Alitufungulia saa sita mchana. Kuta zimepakwa rangi mpya, viti vya sponji, na ukisimama barazani unaliona ziwa Tanganyika na milima ya Kongo ng'ambo. Nikalipa siku saba palepale. Mimi, ambaye kila siku nawaambia wenzangu wasitie sahihi karatasi wasiyoisoma!

Kosa langu ni kwamba niliitazama nyumba kwa macho ya mtu mzima, tena mchana. Nyumba ya kulala na mtoto hutazamwa jioni, na hutazamwa kwa kuchutama. Nasema kweli, chutama. Ukiwa chini ndipo utakapoona waya wa umeme uliochubuka nyuma ya kitanda, chupa ya dawa ya panya chini ya kabati, baraza isiyo na ukingo, na choo cha shimo chenye tundu ambalo kwako ni dogo lakini mtoto anaweza kupita.

Halafu toka nje, uzunguke ua wote. Gihosha imejengwa kwenye mteremko, chini ya vilima vya mashariki ya mji, na maji ya mvua yatokayo juu yamechimba makorongo makubwa. Lile la mto Ntahangwa linajulikana zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 mvua kubwa ilishuka juu ya Bujumbura, na watu zaidi ya 50 wakafa, wengi wao katika mitaa ya kaskazini. Uliza maji ya mvua yanapita wapi, wala usitosheke na jibu la maneno, nenda ukaone. Kwetu ukuta wa nyuma ulikuwa na pengo ambalo hakuna aliyetuonyesha. Siku ya tatu, muda wa kujaza bidoni moja tu, mtoto hayupo. Mama yake alimkamata shati kwenye ukingo wa mtaro unaopita kimo cha mtu. Siku hiyo hatukula chakula cha mchana.

Sasa nije kwenye mbu, na hapa nawasemesha hasa wenzangu wa mashamba ya juu. Ziwa liko kwenye mita 770 hivi tu, na mji una joto na malaria. Watoto wetu waliozaliwa kwenye baridi hawajaizoea, miili yao haina kinga ya kutosha, na ikiwapata huwalaza upesi. Chandarua tulikuwa nacho, tumekibeba toka nyumbani. Lakini dari ilikuwa ya saruji, hakuna msumari wala ndoano, kikabaki ndani ya mfuko usiku wote saba. Mbu wa malaria huuma usiku. Kitu cha kwanza kuuliza kuhusu chumba, kabla ya bei, ni chandarua kitafungwa wapi.

Jambo ambalo wengi hawalijui: malaria haitokei kesho yake. Huchukua siku saba au zaidi, mara nyingi 10 mpaka 15. Homa ya mtoto wetu ilipanda tulipokwisha kurudi nyumbani. Muuguzi alifikiri ni kifua, kwa sababu kwetu watoto hukohoa sana. Mama watoto ndiye aliyesema, "Dada, tulikuwa Buja juma lililopita." Akamtoboa kidole, akapima, ilikuwa malaria. Mtoto alipona. Nanyi mkirudi kutoka mjini na mtoto akipata homa, semeni mlikotoka bila kungoja kuulizwa.

Mengine nitayapitia haraka. Fungua bomba mwenyewe, maana katika mitaa ya mlimani maji huweza kuja usiku tu, na mtoto mdogo humaliza bidoni mbili kwa siku pamoja na nguo zake. Maji yake ya kunywa yachemshwe. Ukipika kwa mbabula, pikia nje, wala usiiingize chumbani usiku: hewa ya makaa huua watu usingizini, bila moshi wala harufu. Ujue pia njia ya hospitali. Kutoka Gihosha ile ya Kamenge, inayoitwa Roi Khaled, ndiyo ya karibu, lakini petroli ikikosekana hata karibu huwa mbali, basi mwulize jirani mwenye gari.

Silaumu Gihosha. Kuna hewa, kuna utulivu, na usiku ni baridi kidogo kuliko kule chini. Kwa soko utashuka: soko kuu la katikati ya mji liliungua tarehe 27 Januari 2013, lakini kuna lile la Cotebu, lililobaki na jina la kiwanda cha nguo ambako wenzetu wengi walifanya kazi.

Likizo iliyofuata tulirudi Gihosha. Nilimwambia komisioneri alete ufunguo saa kumi na mbili jioni, nikachutama mbele yake, akacheka sana. Mwenye nyumba wa kwanza alitaka malipo ya juma zima. Nikamwambia nalipa usiku mmoja, asubuhi tutaongea. Akakataa. Wa pili akakubali, akaleta na nyundo ya kupigilia misumari ya chandarua.