SIRI YA MWANANCHI NI AMANA

Siku hizi mwananchi huombwa aandike jina lake, umri wake, mali yake na hata maradhi yake katika tovuti za ofisi mbalimbali. Jambo hilo ni jema, hasa kwetu sisi watu wa visiwani, ambao karatasi moja yaweza kumlazimu mtu avuke bahari. Lakini hatuna budi kujiuliza: maneno hayo yasafiripo, husafiri ndani ya bahasha iliyofungwa, au wazi machoni pa kila mpitaji?

Tovuti ambayo anwani yake huanza kwa herufi "http" hupokea na kupeleka maneno wazi. Kila mtambo unaopitiwa njiani, tangu ule wa mkahawani hadi ule wa kampuni ya simu, unaweza kuyasoma na hata kuyabadili. Ikiongezwa herufi "s", maneno hugeuzwa fumbo, na ufunguo wake wanao wawili tu: msomaji na tovuti aliyoiendea.

Hatari hiyo si ya kubuni. Mwezi wa Oktoba 2010, Eric Butler wa Marekani alitoa programu iitwayo Firesheep ili kuwaamsha wenye tovuti waliofumba macho. Kwa programu hiyo, mtu yeyote aliyeketi penye Wi-Fi isiyofungwa aliweza kunasa alama ya utambulisho ambayo tovuti humpa mtu aliyekwisha kuingia, kisha akaingia humo kwa jina la jirani yake.

Yaliyowafika ndugu zetu wa Tunisia yalikuwa mazito zaidi. Katika siku za machafuko ya mwisho wa 2010 na mwanzo wa 2011, ukurasa wa kuingilia Facebook ulipachikwa njiani maagizo ya wizi kabla haujamfikia msomaji, na nywila za watu zikachukuliwa. Wizi huo uliwezekana kwa sababu ukurasa ulisafiri wazi. Januari 2011 Facebook ikaamua kuwapitisha watumiaji wa Tunisia katika njia iliyofungwa.

Ni katika mazingira hayo ndipo ilipoonekana faida ya programu ndogo iitwayo HTTPS Everywhere, iliyotolewa mwaka 2010 na Electronic Frontier Foundation pamoja na Tor Project. Mtu aliiongeza katika kivinjari chake, nayo ilikuwa na orodha ndefu ya tovuti zenye milango miwili, mmoja wazi na mwingine wenye kufuli. Kila alipouelekea mlango ulio wazi, programu ilimgeuza ikampeleka penye kufuli. Lakini palipokuwa na mlango mmoja tu, nao uko wazi, haikuweza kujenga mwingine. Hilo lilikuwa jukumu la mwenye nyumba.

Hatimaye wenye nyumba wengi waliamka. Mwaka 2015 Let's Encrypt ilianza kutoa vyeti vya usalama bila malipo, na udhuru wa gharama ukaondoka. Kuanzia Julai 2018 kivinjari cha Chrome kiliziandika tovuti zote za "http" kuwa si salama, na mwaka 2020 Firefox ikamwezesha msomaji kuchagua njia iliyofungwa pekee. Kwa kuwa vivinjari vyenyewe vimeishika kazi hiyo, HTTPS Everywhere ilistaafishwa Januari 2023.

Mlinzi huyo ameondoka, lakini wajibu haukuondoka naye. Ofisi ambayo tovuti yake ingali wazi, au iliyoacha cheti chake kipitwe na muda kisha ikamshauri mwananchi alipuuze onyo na kuendelea, inamzoeza kumfungulia mwizi. Hakuna afisa mwenye busara awezaye kubandika faili la mgonjwa ukutani. Basi na asilipeleke wazi katika intaneti.

Mwananchi naye ana sehemu yake. Yafaa awashe katika kivinjari chake sharti la kutumia "https" pekee. Tena atambue kwamba kufuli hulinda njia tu, halithibitishi uaminifu wa aliyeko mwisho wa njia, kwani tapeli naye hupata cheti. Kwa hiyo aisome anwani yote kabla ya kuandika siri yake.

Siri ya mtu ni amana, na mwenye kuulizwa juu ya amana ni yule aliyeipokea.