Seva ya duka: Prosesa kubwa si kinga ya hesabu

MFANYABIASHARA wa jumla mwenye kompyuta saba au nane hufikia wakati akahitaji seva, yaani kompyuta moja inayotunza hesabu, orodha ya bidhaa na madeni ya wateja kwa niaba ya nyingine zote.

Afikapo dukani, swali lake la kwanza huwa ni prosesa ipi yenye kasi zaidi. Swali hilo si baya, lakini likitangulia mengine laweza kumgharimu fedha nyingi na bado likamwacha bila kinga siku umeme utakapokatika au diski itakapokufa.

Kilicho hatarini si mashine bali nyaraka zilizomo. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze nyaraka zake kwa miaka mitano. Anayezipoteza hupoteza pia uwezo wa kumdai aliyekopa na wa kujitetea mbele ya mkaguzi.

Kazi ya seva ya aina hii si nzito. Karani anapofungua ankara, prosesa hushughulika kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha hukaa ikisubiri. Ucheleweshaji mwingi hutokea katika kusoma na kuandika kwenye diski.

Prosesa za sasa zina viini kadhaa vinavyofanya kazi kwa pamoja. Ofisi ya watumiaji 10 hadi 20 wanaotumia programu ya uhasibu na kuhifadhi mafaili kwa kawaida hutoshelezwa na viini vinne hadi vinane. Kwa kuwa ombi moja mara nyingi hushughulikiwa na kiini kimoja, viini vichache vyenye kasi humfaa karani kuliko viini vingi vya polepole.

Wingi wa viini una gharama nyingine iliyojificha. Tangu toleo la mwaka 2016, leseni ya Windows Server hulipiwa kwa idadi ya viini, na kiwango cha chini ni viini 16 kwa kila seva. Anayenunua prosesa ya viini 32 hulipia mara mbili, hata kama vingi vitakaa bure. Mifumo mingi ya Linux haina ada hiyo.

Aidha, seva haizimwi usiku. Mashine inayokula wati 100 hutumia uniti 72 za umeme kwa mwezi wa siku 30, na ile ya wati 300 hutumia uniti 216. Ndiyo maana seva kubwa iliyokwishatumika, ingawa bei yake huvutia, yaweza kuwa ghali kuliko mpya ndogo.

Sababu ya msingi ya kuchagua prosesa ya seva, kama vile Xeon za Intel au EPYC za AMD, ni uwezo wa kutumia RAM ya ECC, ambayo hujisahihisha yenyewe.

Kompyuta huandika namba zote kwa 0 na 1. Sifuri moja ikigeuka kuwa moja ndani ya RAM, deni la Sh50,000 laweza kusomeka Sh115,536 bila onyo lolote. ECC hugundua kosa kama hilo na kulirekebisha papo hapo.

Kosa hilo si la kubuni. Utafiti uliofanywa katika seva za Google na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa takriban theluthi moja ya mashine zilipata angalau kosa moja la RAM lililosahihishwa katika mwaka. Mnunuzi ahakikishe kwamba prosesa, bodi kuu na RAM yenyewe, vyote vitatu, vinakubali ECC. Kimoja kikikosa, kinga hiyo haipo.

Baada ya hapo ni diski. Njia rahisi ni kufunga diski mbili zinazoandikwa kitu kilekile kwa wakati mmoja, mpangilio uitwao RAID 1. Moja ikifa, duka huendelea kuuza huku nyingine ikitafutwa.

Hata hivyo, RAID si nakala ya akiba. Karani akifuta faili kwa bahati mbaya, hufutika kwenye diski zote mbili. Virusi vikifunga mafaili, huyafunga kote. Mwizi naye hubeba mashine nzima. Nakala ya akiba hutunzwa nje ya jengo, na hujaribiwa mara kwa mara kama kweli inafunguka.

Umeme nao una sura yake. Ukikatika wakati seva inaandika, hesabu huweza kubaki nusu na faili zima likaharibika. UPS huipa seva dakika chache, lakini dakika hizo hazifai kitu usiku ambapo hakuna mtu ofisini. Iunganishwe na seva kwa waya wa mawasiliano na programu yake ifungwe, ili mashine ijizime yenyewe kwa utaratibu kabla betri haijaisha.

Kwa mwenye bajeti finyu, basi, mpangilio wa matumizi ni huu: nakala ya akiba na UPS kwanza, diski mbili na RAM ya ECC zifuate, na kinachobaki ndicho kiamue ukubwa wa prosesa. Prosesa ya polepole humchelewesha mteja kidogo, ilhali daftari la madeni lililopotea halirudishwi na kasi yoyote.